Re: Gari ya kufungua paa, ni salama kweli?

Ndugu, umeuliza kama hiyo gari ya paa la kukunja unayotaka kuagiza Japani itakuua haraka kuliko yenye paa la chuma. Hapana, si hivyo. IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayolipiwa na kampuni za bima, waliangalia hili 2020, na vifo vya madereva kwenye hizi gari havikuwa juu kuliko kwenye za kawaida, ila kati ya madereva waliokufa, waliorushwa nje ya gari walikuwa wengi kidogo kwenye hizi za kufungua paa, 21% dhidi ya 17% kwenye za kawaida, kwa hiyo mkanda usiuache hata ukienda Ntinda tu hapo Kampala, tafadhali.

Shida kubwa ni kupinduka, sababu paa la kitambaa halibebi chochote, kinachokulinda ni fremu ya kioo cha mbele pamoja na vyuma nyuma ya viti. Mercedes SL ya 1989 ilikuja na chuma kinachoruka chenyewe gari ikianza kupinduka, lakini Mazda MX-5 za mwaka huohuo zilitoka kiwandani bila vyuma hivyo, basi angalia hapo kwanza kabla hujatuma pesa. Na barabara ya Masaka usiku, na yale malori, mimi ningeenda na paa la chuma.