Umesasisha OpenWrt na Rauta Imenyamaza? Anza Hapa

Mtu akiniletea rauta iliyonyamaza baada ya kusasishwa, swali langu la kwanza halihusu taa wala waya. Namuuliza: mipangilio ya zamani uliibakisha? Akijibu "ndiyo, sikutaka kuanza upya," nusu ya kazi imeshakwisha. Rauta nyingi zinazotangaziwa tanzia hapa Mombasa ziko hai kabisa. Programu mpya imeingia salama, ila imekabidhiwa mipangilio iliyoandikiwa programu nyingine, ikashindwa kuielewa.

Nazungumzia OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea rauta ulioanza mwaka 2004 kutokana na msimbo wa Linksys WRT54G. Ndio ninaoufunga kwenye maduka ya mjini, nyumba za wageni za Nyali na saiba chache zilizobaki. RouterOS ya MikroTik ina desturi zake, kwa hivyo usiyabebe haya ukayapeleka huko.

Chukua mfano wa duka la fotokopi pale Mwembe Tayari, rauta yake imekaa na toleo la 19.07 miaka nenda miaka rudi, na sasa mwenyewe anataka toleo jipya. Toleo la 21.02, lililotoka Septemba 2021, ndilo lililoanza kuvihamisha vifaa vingi kwenye mpango mpya wa poti. Zamani swichi iliyomo ndani ya rauta ilisimamiwa na swconfig, na faili ya /etc/config/network ilijaa majina kama eth0.1 na eth0.2. Mpango mpya unaitwa DSA, na humo kila poti ina jina lake: lan1, lan2, lan3, wan. Ukiingia na faili ya zamani, rauta inaanza kuitafuta eth0.1 isiyokuwa na maana tena, upande wa LAN (mtandao wa ndani) hausimami, na laptopu haipewi anwani. Taa zinawaka kama kawaida lakini ukiipigia hodi hakuna anayeitika.

Kinachowachanganya watu ni kwamba uhamisho huu haukufanyika siku moja kwa vifaa vyote. Rauta zenye chipu ya mt7621 zilihamia kwenye 21.02. Zile za ipq40xx zilingoja hadi 23.05. Za ath79 nyingi zilibaki na swconfig. Kwa hiyo jirani akikwambia "mimi nilisasisha na mipangilio yangu ikabaki sawasawa," anasema kweli, ila rauta yake si yako.

Jambo la kushukuru ni kwamba mfumo wenyewe hukuonya. Ukipakia faili ya toleo jipya isiyoafikiana na mipangilio yako, unakwambia wazi kwamba kifaa kinatambulika lakini mipangilio haiendani na faili mpya, na pembeni unaona namba kama 1.0 kwenda 1.1. Unakuambia pia dawa yake: sasisha bila kubakisha mipangilio. Hapo ndipo watu hukosa subira. Chini ya onyo kuna kisanduku cha kulazimisha, na kwenye terminali kuna alama ya -F inayofanya kazi hiyo hiyo. Mimi nakiona kile kisanduku kuwa ni adui. Kina matumizi yake machache kwa mtu anayejua kwa nini anakibonyeza, lakini kubonyeza kwa sababu onyo linakera ndiko kunakozijaza rauta kwenye meza yangu.

Njia ninayoifuata ni hii. Kwanza natoa bakapu:

sysupgrade -b /tmp/bakapu.tar.gz

Naihamishia kwenye laptopu. Kama laptopu yako ina OpenSSH 9.0 au ya baadaye, amri ya scp ya kunakili faili itakataa, kwa sababu tangu mwaka 2022 inatumia njia iitwayo SFTP na rauta kwa kawaida haina huduma hiyo. Tumia scp -O, herufi kubwa, na itapita. Kisha naifungua bakapu na kuisoma kwa macho. Nanakili kwa mkono jina na paswadi ya PPPoE (ya kuingilia kwa kampuni ya intaneti), majina ya waifai, anwani zilizofungiwa printa na kamera, na namba za poti zilizofunguliwa kwenye ulinzi wa mtandao. Ndipo, faili ya toleo jipya ikiwa imeshawekwa kwenye /tmp ya rauta, naandika:

sysupgrade -n -v /tmp/faili.bin

Hiyo -n ndiyo inayoacha mipangilio nyuma. Baada ya hapo narudisha vitu kimoja kimoja, kwa kuviandika upya. Kuirejesha bakapu nzima kwenye toleo jipya ni kulirudisha tatizo lile lile kupitia mlango wa nyuma.

Faili mbili zaidi zinahitaji jicho. Ya kwanza ni /etc/config/wireless. Kwa wanaotoka familia ya zamani ya ar71xx kuingia ath79, anwani ya redio iliyoandikwa kwenye mstari wa path imebadilika, kwa hivyo waifai inapotea hata kama kila kitu kingine ni sawa. Ya pili ni /etc/firewall.user. Kuanzia 22.03, ulinzi wa mtandao ulihamia kwenye nftables badala ya iptables ya zamani. Sheria za kawaida zilizo ndani ya /etc/config/firewall zinaendelea kusomeka, lakini zile amri za iptables ulizoziandika mwenyewe usizitegemee tena. Mwenye saiba aliyefungia tovuti fulani kwa njia hiyo anaweza kukaa wiki kadhaa akidhani bado zimefungwa.

Sasa, kama mfumo umekataa faili ukisema kifaa hakilingani, usibishane nao kabla hujaigeuza rauta na kusoma lebo ya chini. Jina la modeli halitoshi. Unatakiwa namba ya toleo la kifaa. TP-Link TL-WR841N ya v9 na ya v13 zina jina moja, lakini ndani ni mashine mbili tofauti: ya kwanza ina MB 4 za hifadhi na MB 32 za kumbukumbu, ya pili ina 8 na 64. Hizo za 4 na 32 toleo lao rasmi la mwisho lilikuwa 19.07. Kutoka 21.02 kiwango kinachopendekezwa kuanzia ni 8 na 64. Ukiona mtu anakuuzia ya v9 kwa ahadi kwamba "itapokea toleo jipya tu," mwache nayo. Angalia vilevile aina ya faili: yenye neno factory ni ya kutoka kwenye programu ya kiwandani kuingia OpenWrt, na yenye sysupgrade ni ya kutoka OpenWrt kwenda OpenWrt. Ukishaipakua, linganisha sha256sum yake (alama inayohesabiwa kutokana na faili nzima) na ile iliyochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, faili zilikuwa zinashuka kwa kusuasua na kukatika njiani. Faili pungufu unaigundua kwa hesabu hiyo ya sha256, si kwa kuitazama.

Kuna kosa jingine ambalo halifanani na kusasisha lakini matokeo yake ni mabaya zaidi: kuingia kwenye orodha ya vifurushi (programu zilizomo ndani ya rauta) na kuvisasisha vyote kwa opkg, amri ya kuwekea vifurushi. Rauta si kompyuta ya mezani. Vifurushi vipya vinakaa juu ya vile vilivyomo bila kuvifuta, nafasi inajaa, na vingine vinaweza kugombana na vilivyobaki. Sasisha mfumo mzima kwa faili moja, basi.

Na usisahau kwamba sysupgrade inabakisha mipangilio ukitaka, lakini haibakishi vifurushi ulivyoongeza. Hili linawauma hasa watu wa Likoni na Kisauni wanaotumia modemu ya USB yenye laini ya simu. Rauta inawaka na toleo jipya, vifurushi vya modemu havimo, na kuvipata unahitaji intaneti ambayo inapitia modemu hiyo hiyo. Kama una simu janja na bando, unaweza kuipokea intaneti ya simu kwa waifai kupitia rauta kisha ukavishusha. Lakini bora uepuke kabisa: nenda kwenye ukurasa wa Firmware Selector wa OpenWrt, ongeza majina ya vifurushi vyako, na seva itakutengenezea faili iliyonavyo tayari. Kwenye 24.10 kuna kifaa kinachoitwa owut kinachofanya hivyo kutoka ndani ya rauta. Desemba 2024 mtafiti alionyesha kwamba seva hiyo ilikuwa ikifupisha alama ya sha256 hadi herufi 12, jambo lililofungua mwanya wa mtu kupenyeza faili bandia. Waliziba upesi. Ninaendelea kuitumia.

Tuje kwenye malalamiko yasiyo na ugonjwa. Mama mmoja mwenye nyumba za wageni alinipigia simu baada ya kijana wake kusasisha.

"Mwanangu, jina la waifai halionekani kabisa. Hii si ya kutupwa?"

"Shikamoo, mama. Usiitupe. Waifai ya OpenWrt huanza ikiwa imezimwa. Mwambie kijana achomeke waya."

Baada ya kusasisha kwa -n, rauta haina paswadi, waifai yake imezimwa, na anwani yake ni 192.168.1.1. Chomeka waya kwenye poti ya LAN, fungua brauza, weka paswadi, washa redio, chagua nchi KE. Ukiingia kwa ssh (kuiamuru rauta kutoka terminali) na laptopu ikapiga kelele kwamba utambulisho wa upande wa pili umebadilika, ni kwa sababu rauta imejitengenezea funguo mpya. Futa kumbukumbu ya zamani kwa ssh-keygen -R 192.168.1.1.

Halafu kuna ile "intaneti haiji kabisa" wakati rauta inafunguka vizuri. Nyumba nyingi za mjini zina kisanduku cha faiba kilicholetwa na kampuni, na vingi vya hivyo navyo vinakaa kwenye 192.168.1.1. Rauta yako imerudi kwenye anwani ile ile, basi nyuma na mbele yake kuna mtandao mmoja na haijui pakiti izielekeze wapi. Badilisha LAN yako iwe 192.168.10.1, iwashe upya, na mara nyingi shida inaishia hapo.

Rauta ikijiwasha na kujizima bila kikomo, badilisha adapta kabla ya kuilaumu programu. Hewa yetu ya chumvi inakula kila kitu chenye shaba. Nimefungua plagi za adapta za 12V nikakuta ukijani mtupu, na poti za LAN zenye meno yaliyofifia. Adapta iliyochoka inaweza kuibeba rauta iliyotulia, lakini ikashindwa pale redio zote zinapoamka kwa pamoja. Kuhusu stima, sihitaji kumhubiria mtu wa Mombasa. Weka UPS ndogo ya 12V, na laptopu iwe na chaji. Wakati rauta inaandika kwenye hifadhi yake, iache dakika tano nzima hata kama taa zinakutisha.

Ikiwa rauta haijibu kabisa hata ping (hodi ya kuijaribu kwenye mtandao), jaribu hali ya dharura (failsafe) kabla ya jambo jingine. Ipe laptopu anwani 192.168.1.2 na maski 255.255.255.0, chomeka waya, zima rauta kisha iwashe. Itazame taa ya mfumo. Inapoanza kupepesa haraka, bonyeza kitufe cha riseti uachie. Ikipepesa haraka zaidi, umeshaingia. Usikishikilie kitufe, bonyeza tu. Ingia kwa ssh root@192.168.1.1, haiulizi paswadi. Andika mount_root ili uione mipangilio yako, na kama unataka kuifuta yote, firstboot kisha reboot -f. Usipopata jibu, hamisha waya kwenye poti nyingine ya LAN, maana katika hali hii si lazima zote zifanye kazi.

Hata hiyo ikishindikana, angalia kama modeli yako ina njia ya kujirejesha kwa TFTP, yaani kuvuta faili kutoka laptopu kupitia waya. Archer C7 v5, kwa mfano, hutafuta laptopu yenye anwani 192.168.0.66 na faili iitwayo ArcherC7v5_tp_recovery.bin, jina hilo hilo bila kupunguza nukta, huku umeshikilia riseti wakati wa kuiwasha. Zima firewall ya laptopu. Weka swichi ndogo ya bei nafuu kati ya laptopu na rauta: bila swichi, poti ya laptopu hulala rauta ikizimwa, na inapoamka ile nafasi ya sekunde chache imeshapita. Baadhi ya Linksys, kama WRT3200ACM, zina nafasi mbili za programu. Ukizikatiza zinapowaka mara tatu mfululizo, zinarudi kwenye ile ya awali.

Kilichobaki baada ya hapo ni kuifungua rauta na kutumia kebo ya USB ya serial, inayokuonyesha maandishi ya rauta kwenye laptopu. Hakikisha ni ya volti 3.3. Unganisha GND, na TX kwenye RX kwa kupishana. Waya wa VCC (wa umeme) uache uning'inie. Weka kasi 115200 na uwashe. Ukiona maandishi ya kiwashio cha mwanzo yanapita, kipo kizima. Kikatize kwa kitufe kinachotajwa kwenye skrini, pakia faili ya initramfs kwa TFTP iendeshwe kwenye kumbukumbu tu, na kutoka humo ufanye sysupgrade -n kama rauta nyingine yoyote.