Maswali ya Wasomaji: Barabara ya Kijiji Baada ya Mafuriko

SWALI: Mhariri, mvua za masika zimeichimba barabara yetu ya kutoka kijijini hadi barabara kuu, na kalavati la bomba moja lililokuwa kwenye korongo limesombwa. Bomba lenyewe tulilikuta likiwa zima, limelala mchangani upande wa chini. Kamati imechangisha fedha, na wajumbe wengi wanataka tukodi malori ya kifusi mara moja ili magari ya mazao yapite. Je, tuanzie hapo?
Msomaji, Wilaya ya Kilosa, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, naishauri kamati isimwage hata lori moja kabla ya kujua maji yaliingilia wapi na yalitokea wapi. Barabara ya udongo inaharibiwa na maji yanayotuama juu yake au yanayokimbia katika mikondo ya magurudumu, na kifusi kikimwagwa juu ya njia ambayo tayari imegeuka mfereji, kitaondoka na mvua kubwa ya kwanza pamoja na michango yenu. Itembeeni barabara yote, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, mkichomeka vijiti kila mahali maji yanapoingia na yanapotoka. Mara nyingi mtagundua kwamba palipochimbika si pale tatizo lilipoanzia. Chanzo kiko juu zaidi, kwenye mtaro uliozibwa na majani, kwenye njia ya ng'ombe inayoleta maji barabarani, au kwa mkulima aliyefunga mchirizi kwa sababu ulikuwa unamwaga maji shambani mwake. Huyo mkulima ni mgumu kuliko korongo lenyewe, kwa hiyo mzungumze naye mapema, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mkubaliane mahali ambapo maji yatatoka bila kumharibia mazao.

Baada ya hapo rudisheni mgongo wa barabara. Kwa njia ya upana wa mita 4, katikati panapaswa kuwa juu kuliko kingo kwa sentimita 10 hadi 12, maji yapate kuangukia mitaroni. Greda likipita kila mwaka bila kuurudisha mgongo huo, barabara huzidi kushuka hadi ikawa chini ya mashamba yanayoizunguka, na hapo hakuna mtaro utakaoisaidia. Penye mteremko, ndani ya mtaro wekeni vizuizi vifupi vya mawe au vya vigingi ili kupunguza kasi ya maji. Mteremko ukizidi, vizuizi vikaribiane. Kifusi kije mwisho, kimwagwe kwa matabaka ya sentimita 15 na kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuongeza jingine. Unyevu wake hupimwa kwa mkono: ukiufinya udongo kiganjani ushikamane, lakini usitoe maji. Udongo mkavu hata ukipitishiwa lori mara nyingi hautashikana, na wenye tope utacheza tu chini ya magurudumu.

Kuhusu kalavati, bomba kukutwa zima ni ushahidi muhimu. Halikuvunjika, maji yalikosa nafasi ya kupita ndani yake, yakapanda juu na kuzunguka pembeni, yakala udongo uliolifunika, ndipo bomba likang'oka. Mkilirudisha palepale bila kubadili chochote, litarudi mchangani. Tena makorongo ya Kilosa hubeba mchanga na magogo mengi kutoka milimani. Wenyeji wanakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Katika korongo la namna hiyo, ambalo hukauka sehemu kubwa ya mwaka na kufurika kwa saa chache, mimi ningechagua drifti badala ya bomba moja, yaani kivuko cha zege au mawe yaliyojengewa, kinachokaa usawa wa sakafu ya korongo na kuyaacha maji yapite juu yake.

Drifti ina masharti yake. Ikate korongo kwa pembe mraba, pahali palipo na kingo imara, mbali na kona. Isiinuliwe juu ya sakafu, kwa sababu ikiinuliwa inakuwa bwawa dogo, na maji yanayoporomoka upande wa chini yatachimba shimo mpaka bamba la kivuko libaki likining'inia. Chini ya ukingo wa juu na wa chini jengeni ukuta unaoingia ardhini, ule wa upande wa chini ukiwa na kina kikubwa zaidi, kisha mtandaze mawe makubwa mbele yake maji yatulie. Wanaobana gharama hukata hapo hapo, na ndipo drifti nyingi zinapofia. Bamba lenyewe lipande kwenye miteremko ya pande zote mbili hadi juu ya alama ya mafuriko, ambayo mtaiona kwenye takataka zilizonasa vichakani. Zege limwagiliwe maji au lifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7 angalau. Simikeni pia nguzo zenye alama za kina pande zote, kwani maji ya sentimita 30 yaendayo kasi yanaweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi. Pikipiki isijaribu kabisa.

SWALI: Sisi tuko kwenye tambarare la Rufiji, ambako mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika barabara za vijijini. Tunataka kuinua tuta refu ili maji yasitufikie tena. Je, ni sahihi?
Msomaji, Wilaya ya Rufiji, Pwani

JIBU: Tuta lisilo na njia za maji litawafurikisha jirani zenu wa upande wa juu, nalo litabomoka kwa namna msiyoichagua. Inueni kiasi, huku mkiacha sehemu kadhaa za chini zilizoimarishwa kwa mawe au zege ili maji yavukie hapo, na kwenye mikondo ya kudumu wekeni makalavati ya kutosha. Kingo za tuta zipandwe nyasi zenye mizizi mirefu, kama vetiva, miezi kadhaa kabla ya masika. Udongo mweusi wa mbugani msiutumie kama kifusi hata kama uko karibu na ni wa bure, kwa sababu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ninaongeza jambo lisilogharimu chochote ila uthubutu: kijiji kiweke kizuizi kwa malori mazito siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Lori moja lenye shehena ya mbao huharibu kwa saa moja kazi ya wiki nzima.

SWALI: Je, kazi hii si ya serikali? Kwa nini wananchi wachange?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Barabara za wilaya, zikiwemo za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017. Unapata asilimia 30 ya fedha za Mfuko wa Barabara, na tangu bajeti ya 2021/22 kuna shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Madai yenu ni halali. Hata hivyo vijia vingi vya ndani havimo katika orodha ya wakala, na hivyo hubaki mikononi mwa kijiji. Hatua ya kwanza ni kumwuliza meneja wa TARURA wa wilaya kama barabara yenu imeorodheshwa. Ikiwa imo, msianze kujenga kivuko bila yeye kukagua. Ikiwa haimo, ombeni iingizwe kupitia mkutano mkuu wa kijiji na diwani wenu. Ombi liandikwe, liambatane na picha za uharibifu na vipimo vya korongo, na lifike mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla.