Kosa linawezaje kuwa "nice"?

Mwanangu Neema,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu.

Katika kutafsiri kwako umeuliza kwa nini Cassius, katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, anamlalamikia Brutus juu ya "every nice offence", na kosa ("offence") linawezaje kuwa zuri, maana "nice" ya leo ni zuri. Haliwezi. Hapo "nice" ni dogo, lisilo na uzito.

Angalia wanachogombania. Brutus amemhukumu Lucius Pella kwa kula rushwa za watu wa Sardis. Cassius aliandika barua za kumtetea, zikapuuzwa. Ndipo anaposema kwamba wakati kama huu haifai kila kosa la namna hiyo kufuatiliwa. Yaani rushwa anaifanya jambo dogo! Brutus anamrukia hapo hapo: wewe mwenyewe unasemwa kwamba kiganja kinakuwasha, unauza vyeo kwa dhahabu. Ukiandika "kosa zuri", Cassius anaonekana amechanganyikiwa. Ukiandika "kikosa kidogo", hasira ya Brutus inapata sababu. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia hii mwaka 1963. Itafute uiweke kando ya Kiingereza unaposoma.

Neno lenyewe limetoka mbali. Shina lake ni la Kilatini, nescius, asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza karibu na mwaka 1300 likiwa na maana ya mpumbavu. Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki 1400, analitumia hivyo mahali panaponifurahisha kila nikipasoma: katika Troilus and Criseyde anasema usemi hubadilika, na maneno yaliyokuwa na thamani zamani sasa tunayaona "nyce and straunge", ya kipuuzi na ya ajabu. Baadaye neno hilo hilo likabadilika mikononi mwa Waingereza.

Upumbavu ukaachwa, likasemwa juu ya mtu mwenye madaha, kisha mchaguzi asiyeridhika upesi. Mchaguzi huona tofauti ndogo ndogo. Kwa hiyo ikapatikana maana ya usahihi wa hali ya juu, na pia ile ya udogo aliyoitumia Cassius. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 inatanguliza umakini, hata uliopita kiasi. Maana ya kupendeza ilishika katika karne ya 18. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwa sababu neno hili sasa linasifu kila kitu.

Sasa kazi yako. Kwanza tazama mwaka wa maandishi: kama ni kabla ya 1700, usianze na "zuri" hata kidogo. Kisha tazama nomino iliyo jirani. Ikiwa ni tofauti, hoja au swali, jaribu "jembamba" au "la kuchambuliwa kwa makini". Maana hiyo ingali hai, na wakili akisoma "a nice point" kwenye hukumu anajua hakimu hasifu hoja, anasema ni ngumu kuamua. Halafu tafuta kinyume chake ndani ya sentensi. Katika Romeo and Juliet, Padri Laurence anasema juu ya barua ambayo haikufika kwamba "was not nice but full of charge". Nusu ya pili ni mzigo mzito, basi ya kwanza lazima iwe wepesi: barua haikuwa ya mambo madogo.

Neno usilolijua halikudhuru sana, kwa sababu utalitafuta. Linalokuponza ni hili unalodhani unalijua, hasa sentensi inapokubali maana ya leo bila kukwaruza. Kwa hiyo fungua Oxford English Dictionary, ile kubwa: inapanga maana kwa historia na kuweka mifano yenye miaka. Soma mifano ya miaka iliyo karibu na kitabu chako kabla ya kuchagua neno la Kiswahili.

Ukikuta mstari mwingine unaogoma, niandikie pamoja na mistari miwili ya kabla na miwili ya baada.

Mama yako