Kabla hujamwita mtu wa msumeno, upime mwembe wako

Mwaka juzi baba mdogo alitaka kukata mwembe wa mbele ya nyumba yetu Temeke, ajenge fremu tatu za maduka. Nikamwambia mti una faida. "Ya shilingi ngapi?" Nikabaki natazama chini.

Ukiulizwa hivyo, usianzie kama mimi kwenye hewa ukaa ambayo mti umeivuta na kuitunza. Nilizungusha futi ya fundi cherehani kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini: sentimita 157. Gawa kwa 3.14, kipenyo ni 50. Urefu kama mita 10. Nikaviingiza kwenye kanuni ya watu wa misitu ya kukadiria uzito wa mti, nikapunguza asilimia 20, maana mti wa mjini, uliosimama peke yake na kukatwakatwa matawi, huwa mwepesi kuliko wa msituni wenye shina hilohilo. Kilo 590 hivi ukiwa mkavu. Nusu yake kaboni, mara 3.67 kuigeuza iwe hewa ukaa: tani moja na ushee. Hata ukiiuza kwa wanaonunua hewa ukaa, kwa dola 10 kwa tani, ni hela ya kuku mmoja. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Na hiyo ni akiba ya miaka yote tangu bibi aupande. Ukiiandika kama faida ya kila mwaka, umechanganya salio la benki na mshahara.

Pesa iko kivulini. Mwembe uko magharibi, unakinga jua la alasiri. Shika ukuta saa moja jioni: upande wa mwembe umepoa, chumba cha pili ukuta kama kikaango. Huko kiyoyozi huwashwa masaa mawili mapema, na kinakula karibu uniti moja ya umeme kwa saa. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni kama 700 kila siku ya joto.

Kisha nikaenda kwa mama lishe, mwenye meza nne anazozihamisha kufuata kivuli. Bila mwembe? "Turubai, na chini ya turubai mteja hamalizi sahani." Bei ya turubai nayo nikaiandika.

Toa gharama pia: majani kwenye mfereji wa bati, mzizi uliopasua karo. Nilitaka kuyaruka hayo, baba mdogo akanikumbusha.

Jumla haikufikia kodi ya fremu tatu. Ila iliipita ile moja ambayo ingekaa palepale penye shina, basi zikajengwa mbili. Siku hizi mama lishe anamlipa baba mdogo elfu moja kwa siku kwa ajili ya kivuli. Hiyo sikuiweka kwenye hesabu.