Umezoea gitaa la umeme, sasa unataka kavu

Kwaresima imefika, harusi zimesimama, na wapiga gitaa wa bendi wamekaa nyumbani wakiwaza gitaa kavu, lile linalolia bila umeme. Maswali ya wiki hii karibu yote ni hayo.

Shikamoo mwalimu. Napiga solo kwenye bendi hapa Sakina, mwaka wa sita sasa. Nina laki tatu na nusu. Kila nikishika gitaa kavu dukani, kodi (chord) ya F inanitoa jasho kama mwanafunzi. Ni vidole vyangu au ni gitaa?

Marahaba. Ni gitaa. Haya ya bei nafuu mara nyingi hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu, na muuzaji anayeuza na vinanda na spika hana muda wa kuzishusha. Halafu wewe umezoea nyuzi za namba 9 au 10 (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote), wakati kavu kwa kawaida huja na namba 12. Seti hiyo ikityuniwa, inavuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Kwa hiyo usianze na rangi wala jina. Anza na shingo.

Nenda na kadi tatu za benki; kama huna tatu, azima kwa muuzaji, atacheka tu. Kila moja ina unene wa milimita 0.76. Zibananishe pamoja, kisha zipitishe kati ya uzi mnene na freti (chuma kinachokatiza shingo) ya 12, pale penye nukta mbili. Tatu zikipita kwa kugusagusa, gitaa linapigika. Ya nne ikipita na nafasi ikabaki, tazama kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi pale kwenye daraja, ule ubao mdogo nyuzi zinapofungiwa tumboni. Kama kimechomoza vya kutosha, fundi anakitoa na kukisugua chini kwa msasa: akipunguza milimita mbili, nyuzi zinashuka milimita moja kwenye freti ya 12. Kama kipande kimeshazama mbaoni na nyuzi bado ziko juu, rudisha gitaa ukutani. Shingo imekaa vibaya, na kuinyoosha kunaweza kula pesa kuliko gitaa lenyewe.

Sasa hiyo F yako. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, utazame juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki upenyo mdogo tu, wa kupitisha karatasi. Ukiona pamefunguka zaidi ya hapo, vijia vya nyuzi kule kichwani havijachongwa vya kutosha, na hapo ndipo jasho lako linapotoka. Ni kazi ya tupa ndogo, lakini mpe anayejua, maana akizidisha, uzi utakwaruza. Usiimalize laki tatu na nusu yote dukani. Bakiza elfu hamsini ya fundi na nyuzi.

Watu watakuambia utafute uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu, wa ubao mmoja badala ya mbao za kubandika. Ni kweli unalia vizuri zaidi. Lakini mimi ningechukua Yamaha F310, ya mbao za kubandika, iliyoshushwa nyuzi vizuri, nikaiacha FG800 ya ubao mmoja inayoning'oa kucha.

Naweza kufunga nyuzi za gitaa la umeme kwenye kavu? (Majengo, Moshi)

Zitakaa, ila sauti itakonda. Zile zimetengenezwa kwa ajili ya sumaku za pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, si kwa kutikisa ubao. Funga za bronzi, namba 10 au 11, na ukitaka ulaini zaidi tyuni nusu sauti chini. Jambo moja litakukera: uzi wa tatu kwenye umeme ni mtupu, kwenye kavu umezungushiwa waya. Ule mvuto wako wa solo, wa kusukuma uzi kando ili sauti ipande, utaishia njiani. Teleza badala ya kuvuta.

Kuna gitaa la nyuzi za plastiki, bei nzuri na laini kwa vidole. Nikinunua nitalifunga za chuma. Unasemaje?

Usithubutu. Hizo ni nailoni, na mvuto wake ni kama nusu tu ya ule wa chuma. Nilifanya hivyo nikiwa kijana. Asubuhi ya tatu nikakuta daraja limeng'oka na kipande cha uso, linaning'inia kwenye nyuzi kama mshikaki. Tena shingo yake ina upana wa milimita 50 na kitu, wakati yako ya umeme ni 42 au 43. Mkono utapotea.

Mimi ni dada wa kwaya, Usa River. Ninunue lenye pikapu? Na yale makubwa yananiumiza bega.

Bega kwanza, dada. Hayo makubwa huitwa dreadnought, jina la manowari ya Uingereza, na tumbo lake lina unene wa sentimita 12 hivi. Gitaa la umeme ni kama nne na nusu. Tafuta umbo dogo, mfano Yamaha FS800. Likipazwa kwenye spika halivumi ovyo kama kubwa.

Kuhusu pikapu: kwa bajeti ndogo, pesa ya pikapu imetolewa kwenye ubao. Nunua gitaa zuri lisilo nayo, uje uongeze ile ya kubana kwenye tundu. Siku ukichomeka, chomeka kwenye mixa ya kanisa. Amplifaya yako ya gitaa la umeme inakata sauti za juu, kavu litasikika kama limefunikwa blanketi.

Nimeliona la mtumba Kiboriloni. Nikague nini?

Washa tochi ya simu, weka kamera ya video, uingize simu ndani ya tundu kwa kuipenyeza kati ya nyuzi zilizolegezwa. Itazame video palepale: vile vijiti vilivyogundishwa chini ya uso visiwe vimeachia. Kisha liinamishe uone nyuma ya daraja. Uso ukiwa umevimba kidogo hapo, si neno, bana bei. Daraja likiwa limeinuka kiasi cha kupitisha karatasi chini yake, muachie mwenyewe.