Kabla hujasema kijana huyu atang'ara mwakani

Fainali ya futiboli ya Australia ikishachezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba pale uwanja wa MCG, watu wa Melbourne hawapumziki hata wiki. Ubishi wa nani bingwa unakwisha, unaanza wa nani atapanda msimu ujao. Kazini kwetu, kwenye ghala moja huku magharibi mwa jiji, huanza saa nne asubuhi wakati wa chai na unaweza kwenda hivyohivyo hadi Machi ligi inaporudi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua na Simba na Yanga, ubishi wa mpira naujua. Lakini huu wa futiboli ya Australia ulinichukua miaka kuuingia kwa miguu yote miwili, na ninawaandikia ndugu zangu mliofika huku juzijuzi mkajikuta mnaulizwa, "Wewe unamwona nani mwakani?"

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mpira una umbo la yai, uwanja ni duaradufu mpana kuliko wa soka, kila upande una watu 18 uwanjani. Goli ni pointi 6. Mpira ukipita kati ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, unapata 1. Timu za ligi kuu ya AFL ni 18. Hayo yanatosha kukuwezesha kukaa mezani.

Mwaka wangu wa pili kuufuatilia, nilimshika mshambuliaji mmoja kijana kama ruba. Alikuwa amefunga magoli matano katika mechi ya mwisho ya msimu, na mimi nilikuwepo jukwaani, nikaondoka nimelewa naye. Miezi mitano nilimtetea kila chai. Msimu ulipoanza hakuwemo kikosini. Timu yake ilikuwa imesajili mtu mzoefu wa nafasi ileile, habari ambayo ilikuwa gazetini tangu Oktoba. Nilikuwa nimeisoma. Sikuiunganisha na kijana wangu, kwa sababu macho yangu yalikuwa bado kwenye yale magoli matano.

Tangu hapo, mtu akinitajia jina, swali langu la kwanza halihusu kipaji. Wanaofika ligi hii wote wana kipaji. Nauliza: nafasi imefunguka wapi? Nani ameondoka, nani ameumia, nani amehamishwa?

Mfano ninaoupenda ni Isaac Heeney wa Sydney. Aliingia ligi mwaka 2015, na kwa miaka mingi alijulikana zaidi kama mtu wa mbele, hodari wa kudaka mpira hewani. Mwanzoni mwa 2024 viungo wa Sydney wakaanza kupungua mmoja baada ya mwingine: Callum Mills majeruhi, Luke Parker majeruhi, Taylor Adams majeruhi. Heeney akavutwa katikati, na katika msimu wake wa kumi akawa mmoja wa wachezaji bora kabisa nchini na timu yake ikafika fainali. Umbile lake halikuwa limebadilika, wala mguu wake. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa anasimama mpira unaporushwa. Huko katikati ndiko mpira uliko muda wote, na mtu mwenye akili ya mpira akipelekwa huko ataonekana amezaliwa upya.

Kwa hiyo Desemba hii ya 2025, macho yangu yako Melbourne, nina maana klabu ya Melbourne. Wamemwachia Christian Petracca aende klabu ya Gold Coast na Clayton Oliver aende ya GWS (Greater Western Sydney). Hao walikuwa nguzo mbili za ubingwa wa 2021, Petracca ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ile. Piga hesabu ni mipira mingapi kila wiki ilikuwa inapita mikononi mwa wawili hao. Sasa lazima ipite kwa wengine. Harvey Langford, aliyechaguliwa wa 6 mwishoni mwa 2024 (kila mwisho wa mwaka klabu huchagua vijana wapya kwa zamu), ana msimu mmoja mguuni na kocha mpya, Steven King, ambaye hana deni na mkongwe yeyote. Mzee mmoja kazini, mshabiki wa Melbourne tangu utoto wake, ananiambia bado anaomboleza. Namwelewa. Ila ukitafuta nani atapanda, anza kutafuta kwenye matanga.

Jambo la pili ni mwili, na hapa ndipo watu wetu wengi hukosea, kwa sababu tumezoea soka ambako kijana wa miaka 18 anaweza kutamba. Huku mtu anagongwa kutoka kila upande. Kijana mwembamba anahitaji vyakula na vyuma vya miaka miwili mitatu kabla hajaweza kusimama. Na kadiri mtu anavyokuwa mrefu ndivyo anavyochelewa. Wale wa zaidi ya mita mbili wanaorukia mpira refa anapourusha juu, usiwahukumu mapema kabisa. Max Gawn alichaguliwa mwishoni mwa 2009, akapitia upasuaji wa goti, akaanza kucheza ligi 2011, na alipotajwa kwa mara ya kwanza katika kikosi bora cha Australia nzima, yaani orodha ya wachezaji bora wa ligi msimu huo, ilikuwa 2016. Baadaye akawa nahodha wa Melbourne ile ya 2021. Riley Thilthorpe wa Adelaide alichaguliwa wa 2 mwaka 2020, na kila mwaka kuna mtu alisema jamaa amekwama. Mwaka 2025 Adelaide ilimaliza ikiongoza ligi, yeye akiwa ndiye tegemeo la mbele. Ukiona mrefu wa mwaka wa nne au wa tano anayecheza vizuri robo moja na kupotea tatu, usimtupe. Huyo ndiye wa kumwangalia.

Majeruhi nayo yana hesabu zake. Matt Rowell alichaguliwa wa kwanza na Gold Coast mwaka 2019. Msimu wa 2020, katika mechi zake nne za mwanzo alikuwa mchezaji bora uwanjani mara tatu mfululizo, kijana wa miaka 18 na 19, nchi nzima inamzungumzia. Mechi ya tano dhidi ya Geelong bega likateguka, msimu ukaishia hapo. Mwaka 2021, mechi ya kwanza tu, goti. Nakumbuka jinsi watu walivyoanza kulitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama unavyomtaja mgonjwa. Miaka ilipita akicheza vizuri lakini si kama ile wiki nne. Septemba 2025 alitwaa Medali ya Brownlow, tuzo kubwa kuliko zote za mchezaji mmoja, kwa kura 39, na msimu huohuo Gold Coast wakacheza hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yao. Alikuwa na miaka 24. Waliokuwa wamemzika hawakufanya hesabu ya miaka yake.

Kano ya goti ikikatika, watu huuliza atarudi lini. Swali lenye faida zaidi ni kwamba alikuwa amefika wapi kabla hajaumia. Bailey Smith alikosa msimu wote wa 2024 kwa goti, akahama kutoka Western Bulldogs kwenda Geelong, na 2025 akaingia kikosi bora cha Australia. Alikuwa kiungo aliyezoea ligi tayari, alirudi kwenye kazi anayoijua. Jagga Smith wa Carlton ni tofauti: alichaguliwa wa 3, kisha goti likaenda Februari 2025 kabla hajagusa mpira katika mechi ya ligi. Kwake 2026 ni mwaka wa kwanza wa kweli, hata kama karatasi inasema wa pili. Nampenda sana kijana huyu na nitamtazama kila wiki, lakini sitamdai makubwa kabla ya majira ya baridi.

Sasa niseme la moyoni. Mwaka 2021 nilikuwa nimekaa na rafiki yangu wa Bukavu, tunazungumza Kiswahili cha huku na cha kule, tukimtazama Aliir Aliir. Huyu alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini mwa Kenya, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita Sudan. Rafiki yangu naye alikulia kambini, ingawa si ile. Aliir alianza mchezo huu akiwa kijana tayari, akachaguliwa wa 44 mwaka 2013 na Sydney, na miaka yake huko ilikuwa ya kuingia na kutoka. Leo beki, kesho anatakiwa akarukie mipira katikati. Alipohamia Port Adelaide walimpa kazi moja: kaa nyuma, soma mpira unavyokuja, uendee hewani. Mwaka wake wa kwanza pale, akikaribia miaka 27, akawa katika kikosi bora cha Australia. Rafiki yangu hakusema kitu muda mrefu, halafu akasema, "Kaka, walimwacha afanye kile anachokiona." Sijasikia mchambuzi aliyeeleza vizuri kuliko hivyo kwa nini mchezaji hupanda. Ukisikia mtu amehamia klabu, usiulize kama klabu ni kubwa. Uliza kama wanajua wanamtaka afanye nini.

Habari za Desemba zipokee kwa tahadhari. Kila klabu ina mtu aliyevunja rekodi yake ya mbio za kilomita 2 siku ya kwanza ya mazoezi, kila klabu ina mtu aliyeongeza kilo za misuli. Mbio hizo zinakuambia mtu hakula likizo yake yote, basi. Mechi za Februari, klabu inapocheza yenyewe kwa yenyewe, zina maana zaidi, kwa sababu hapo unaona kocha amempanga nani katikati.

Na mkibishana, kubalianeni kwanza mnamaanisha nini mkisema mtu "atapanda." Mwenzako wa fantasi, mchezo wa kuunda timu ya kubuni na kupata pointi kwa takwimu za wachezaji, anahesabu pointi, na pointi hupanda mtu akigusa mpira mara nyingi hata kama anaupoteza. Wewe labda unamaanisha atashinda mechi. Nimeona watu wawili wakinuniana wiki nzima kumbe wanazungumzia vitu viwili. Andikeni jina, andikeni mtakubali kipimo gani, wekeni tarehe. Sisi tulianza hivyo miaka mitatu iliyopita na chai yetu imekuwa na amani zaidi.

Njia bora kuliko zote ni kwenda kuona. Wiki mbili zilizopita mimi na rafiki yangu tulikwenda Whitten Oval, Footscray, siku ya mazoezi ya wazi. Jua lilikuwa kali, watoto wamepakwa mafuta meupe ya jua puani. Mazoezi yaliisha, wachezaji wakaingia ndani wakivuta maji ya chupa. Kijana mmoja akabaki, mrefu, mabega bado membamba. Jina silitaji. Alikuwa na mipira sita. Alipiga yote kwa mguu wa kushoto, akitokea pembeni kabisa mahali ambapo nguzo zinaonekana zimeshikana, akaenda mwenyewe kuiokota, akarudi. Mitatu ya kwanza ilikosa. Kila mpira aliuzungusha mkononi mpaka nyuzi za mshono zikamtazama, akanyamaza kidogo, akauachia. Raundi ya nne alipitisha mitano. Hakuna kocha aliyekuwa anaangalia, ni sisi wawili tu kwenye uzio na mama mmoja na mkokoteni wa mtoto.

Jumatatu kazini rafiki yangu alichana kipande cha boksi, akaandika jina la yule kijana, tarehe, na chini yake "magoli 20," akakibandika ndani ya mlango wa kabati lake.