"Asiyekwenda Kibeho hana imani": je, nina dhambi nikisita?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi wilaya ya Ngara. Mwanangu wa tatu ana miaka tisa na anasumbuliwa na kifafa. Katika kikundi chetu cha sala kuna mama anayesema Bikira Maria wa Kibeho, kule Rwanda, huzungumza naye. Anasema kila mwenye mgonjwa afike Kibeho kabla ya tarehe 28 Novemba, akeshe huko usiku kucha, na anayesita hana imani. Alinipa chupa ya maji akasema ni ya chemchemi ya kule, nimpe mtoto badala ya vidonge. Tangu Jumapili nimekuwa nikifanya hivyo. Mume wangu ni Mlutheri, anasema hayo yote ni kuabudu sanamu na hataki tuuze mbuzi kwa ajili ya nauli. Mwenyewe nina mashaka na huyu mama, halafu naogopa mashaka yangu ndiyo yanayomzuia mtoto kupona. Je, natenda dhambi?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, hutendi dhambi. Nitalieleza hilo, lakini kwanza mtoto.

Mpeleke kliniki leo hii. Dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Ikikatizwa, kifafa kinaweza kumwangusha mfululizo bila kuzinduka katikati, na watu hufa hivyo. Mwambie mhudumu ukweli wote, kwamba hajameza vidonge tangu Jumapili, naye atakwambia aanzie wapi. Usione haya, na kama yupo atakayekugombeza, vumilia tu maneno hayo kwa ajili ya mwanao. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuambia kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini na mtu mwenye busara hazidharau. (Mumeo atakwambia kitabu hicho hakimo katika Biblia yake. Kwa neno hili lakini, naona yeye na Sira wako upande mmoja.)

Nimeamua kukujibu kwa kirefu kwa sababu barua za namna yako zinazidi kuja, na jina la Kibeho linatumiwa kutisha watu. Wanaolitumia hivyo hawajui kilichotokea Kibeho.

Kilianza na mwanafunzi mmoja, Alphonsine Mumureke, tarehe 28 Novemba 1981, mchana, akiwa katika ukumbi wa chakula wa shule ya wasichana. Alisikia akiitwa, akatoka kwenda ushorobani, akamwona mama aliyejitambulisha kuwa ni Nyina wa Jambo, Mama wa Neno. Wenzake walimwonaje? Walimcheka. Walimchoma kwa sindano wakati wa njozi waone kama atashtuka. Na aliyeongoza dhihaka hiyo alikuwa Marie Claire Mukangango, ambaye tarehe 2 Machi 1982 naye alitokewa, wa tatu baada ya Nathalie Mukamazimpaka. Huyo aliyecheka ndiye aliyekabidhiwa kueneza Rozari ya Mateso Saba, sala ya kuyatafakari mateso ya Maria. Sasa niambie, mama: Bikira Maria anayemchagua msichana aliyemdhihaki mwenzake waziwazi, atamwadhibu mtoto wa miaka tisa kwa sababu mama yake amesita moyoni?

Halafu litazame Kanisa lenyewe. Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare aliunda tume mbili mwaka 1982, moja ya madaktari na moja ya wanateolojia. Mwaka 1988 aliruhusu ibada ya hadhara, bila kutamka bado kama kweli Bikira Maria aliwatokea. Tamko lilikuja tarehe 29 Juni 2001, kutoka kwa Askofu Augustin Misago wa Gikongoro. Ni karibu miaka 20. Kama kusita ni dhambi, basi maaskofu wawili na tume zao waliishi katika dhambi hiyo kwa miongo miwili, na dhambi yao ndiyo iliyotuletea kibali tunachojivunia leo.

Na kibali chenyewe kinasema nini? Kwamba zipo sababu nzuri zaidi za kuamini kuliko za kukanusha. Ndivyo Kanisa linavyosema katika mambo haya, kwa tahadhari. Imani Katoliki tunaipokea kutoka kwa Kristo kupitia mitume, na amana hiyo haiongezwi neno. Katekisimu, namba 67, inafundisha kwamba ufunuo binafsi kama huu wa Kibeho, hata uliotambuliwa na Kanisa, si sehemu ya amana ya imani. Kazi yake ni kutusaidia kuishi ule ufunuo wa Kristo kwa ukamilifu zaidi katika kipindi fulani. Mkatoliki anaweza kufa bila kulisikia jina la Kibeho, na asipungukiwe kitu katika imani yake. Mimi binafsi naamini Bikira Maria alifika pale. Sikuwekei mzigo huo wewe, na hakuna katekista, mwenyekiti wa jumuiya wala mwenye kikundi cha sala aliyepewa mamlaka ya kukuwekea.

Linalonikera zaidi ni huu "ujumbe mpya" wa mama wa kikundi chenu. Baada ya wale wasichana watatu walijitokeza wengine wengi, shuleni na vijijini, waliosema wanamwona Maria, na hata Yesu. Baadhi walipata wafuasi wengi na wanao hadi leo. Tamko la 2001 liliwatambua watatu tu: Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Na Alphonsine alitokewa kwa mara ya mwisho tarehe 28 Novemba 1989. Basi huyo mama wa kikundi chenu anapojifunika jina la Kibeho, anajifunika kibali ambacho mtoaji wake aliwaacha nje karibu wote waliodai kuona. Anayekubali neno la askofu kuhusu Kibeho, na alikubali lote.

Tangu Mei 2024 Roma imeweka kanuni mpya, na taratibu zimekuwa kali zaidi: askofu haamui peke yake, anapeleka maoni yake kwanza kwenye Idara ya Mafundisho ya Imani, na kwa kawaida hata yeye hatamki tena kwamba jambo ni la kimungu. Askofu amefungwa breki kiasi hicho, halafu mtu anatangaza tarehe ya mwisho ya kuponywa mtoto wa mwenzake, sebuleni, baada ya rozari!

Najua hoja atakayoleta. Atasema: tarehe 19 Agosti 1982 wasichana waliona mto wa damu, watu wakiuana, maiti zimetapakaa, nchi haikusikia, mwaka 1994 yakatimia katika mauaji ya kimbari ya Rwanda; basi nanyi msiposikia yatawakuta. Ninyi wa Ngara hamhitaji kuhadithiwa. Wazee wenu waliziona maiti zikiteremka na mto Kagera, na umati wa wakimbizi ulivuka mpaka wa Rusumo kwenda kambi ya Benaco. Lakini hebu aseme pia sehemu ya pili. Aprili 1994 maelfu waliuawa Kibeho kwenyewe, wakiwa wamekimbilia kanisa la parokia. Walikuwa wamefika, mama. Walikuwa ndani ya kanisa, kwenye kilima kile kile. Mwaka uliofuata damu ilimwagika tena katika kambi ya wakimbizi wa ndani, na Marie Claire, yeye aliyetokewa, ni mmoja wa waliouawa mwaka huo wa 1995. Je, hakuwa na imani? Kufika Kibeho hakukuwa hirizi kwa aliyemwona Bikira kwa macho, hakuwezi kuwa hirizi kwa mwingine. Neno lililorudiwa pale lilikuwa "tubuni", waache chuki kabla haijawala. Kuligeuza kuwa tishio la nauli ni kulitukana mbele ya makaburi yale.

Kuhusu uponyaji, angalia Lourdes kule Ufaransa, ambako pia Bikira Maria alimtokea msichana. Mamilioni ya wagonjwa wamefika huko tangu 1858, na miujiza iliyotambuliwa rasmi haijafika 80. Msichana huyo, Bernadette Soubirous, aliyeichimbua chemchemi ya huko kwa mikono yake, alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 35. Maji ni ishara ya sala. Yanywe ukipenda, mpe mtoto amezee vidonge, hakuna ubaya. Ila kama aliyekupa aliyatoza bei kwa sababu ya baraka, hiyo ni biashara ya vitu vitakatifu na paroko anapaswa kuijua.

Sasa hiyo hofu yako, maana naona ndiyo hasa iliyokufanya uandike. Soma Marko 9. Baba analeta mwanawe anayeangushwa chini, anatoa povu, anasaga meno. Wewe unaijua picha hiyo kuliko mimi. Yesu anamwuliza: hali hii imempata tangu lini? Baba anajibu tangu utoto. Kisha analia kwamba anaamini, lakini imani yake haitoshi, asaidiwe. Alisema mashaka yake kwa sauti, mbele ya Bwana, mbele ya umati, na mwanawe akainuliwa. Bwana hakumwambia akaongeze imani kwanza ndipo arudi.

Mumeo usimfanye adui. Kuhusu sanamu amekosea, na mnaweza kulizungumza polepole. Mkumbushe kwamba Luther mwenyewe aliandika ufafanuzi wa wimbo wa Maria, "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana". Lakini kuhusu vidonge na mbuzi yuko sahihi, na umwambie hivyo. Mbuzi ni wa nyumba yenu wote wawili. Usiuze kwa siri, wala usikope kwenye kikoba kwa ajili ya hija. Nadhiri yako ya ndoa ina uzito kuliko safari yoyote.

Rozari ya Mateso Saba unaweza kuisali nyumbani: kwa kila teso Baba Yetu moja na Salamu Maria saba. Teso la tatu ni mama anayemtafuta mwanawe siku tatu. Kaa nalo hilo.

Kwa paroko nenda wewe mwenyewe, ukamweleze yote kuhusu huyo mama bila kumtangaza kwenye kikundi. Huenda anaamini kweli anachosema, huenda naye ana mgonjwa. Atahitaji mtu wa kumsikiliza, na kwa haraka aambiwe asimwachishe mtu mwingine dawa.

Na hija? Sikuzuii. Mahali ni pazuri, Nyina wa Jambo hana tarehe ya mwisho. Siku ikifika mkakubaliana nyumbani na fedha ipo, nendeni wakati wa likizo ya shule, naye mumeo akipenda aende. Mkesha mtoto asikeshe, kwa kuwa kukosa usingizi huchochea kifafa. Alale, wewe usali. Na mwombe kliniki vidonge vya kutosha kwenda na kurudi, pamoja na vya siku mbili tatu za ziada, iwapo mtachelewa mpakani.